Kutoka Scarborough hadi Sea Point kwa Baiskeli, Upepo Ukiwa Mgongoni

Ziara ya siku moja ya baiskeli kwenye pwani ya Atlantiki ya Cape Town huamuliwa kabla ya mtu yeyote kukanyaga pedali, na kinachoiamua ni upepo. Katika miezi ya kiangazi cha huko, yaani kuanzia Novemba hadi Machi hivi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya rasi nzima, na anayetoka mjini kuelekea kusini hupambana nao usoni karibu njia yote. Kwa sababu hiyo mwongozaji wetu alipakia baiskeli kwenye trela asubuhi na mapema, akatupeleka kwa gari hadi kijiji cha Scarborough, takriban kilomita 45 kutoka mahali tulipokusudia kumalizia, ili turudi mjini huku upepo ukitusukuma. Alikuwa na sababu ya pili pia. Afrika Kusini vyombo hupita upande wa kushoto kama ilivyo kwetu Tanzania, kwa hiyo anayeelekea kaskazini huwa na bahari upande wake mwenyewe wa barabara, pasipo gari lolote kati yake na maji, ilhali anayeelekea kusini hubanwa ukutani mwa mlima. Nimeanza na jambo hili kwa makusudi. Wengi huuliza kwa nini umlipe mtu akuongoze kwenye barabara moja ya lami ambayo hata ramani ya simu inaionyesha, na jibu langu ni kwamba maamuzi hayo mawili peke yake yalistahili malipo.

Kutoka Scarborough barabara hupita chini ya majabali ya Misty Cliffs, ambako mawimbi hupasuka karibu sana na lami hadi unyevunyevu wa chumvi hukaa juu ya mikono. Majini huelea misitu ya mwani mrefu wenye mashina manene, ule unaoitwa huko mwanzi wa baharini, na chini yake ndiko wanakoishi kambakoche ambao kwa miaka mingi wamewalisha wavuvi wa pwani hii. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiendesha baiskeli yenye mota ya umeme, alitaka kuingia majini angalau hadi magotini, na alitoka haraka kuliko alivyoingia. Sisi tumezoea bahari ya Mikindani, ambayo hata usiku haikushtui, na ilituwia vigumu kuelewa jinsi jua kali kama lile linavyoweza kuangaza maji ya nyuzijoto 12 au 13. Mwongozaji alieleza vizuri. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu, yaliyopashwa joto na jua, yaelekee mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake, kwa hiyo kadiri kiangazi kinavyokuwa na upepo mwingi ndivyo ufuko unavyozidi kuwa baridi. Maji hayo ya kilindini hubeba rutuba inayolisha mwani, samaki, sili na ndege. Upepo uliotusukuma sisi, basi, ndio pia uliokuwa ukiilisha bahari tuliyokuwa tukiitazama.

Kommetjie tulipita bila kukawia, tukautazama mnara wa taa wa Slangkop, wa chuma cheupe, wenye urefu wa mita 33, uliowashwa mwaka 1919. Tulisimama zaidi mahali ambapo hapamo katika picha za watalii. Barabara inapogeuka kuiacha bahari hupita kando ya mtaa wa Ocean View, na mwongozaji, aliyezaliwa humo, alituomba tushuke kwenye baiskeli. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kwamba mji wa Simon's Town, upande wa pili wa rasi, ni wa Wazungu peke yao, na familia ambazo zilikuwa zimeishi huko kwa vizazi ziliondolewa. Zile zilizoandikwa katika vitabu vya serikali kuwa ni za machotara zililetwa hapa, nyuma ya vilima, kwenye mtaa uliopewa jina la mandhari ya bahari ingawa nyumba zake nyingi haziioni bahari. Alilieleza hilo kwa utulivu, akatuonyesha upande ulipo mji waliotoka wazazi wake, na hakuna aliyemharakisha. Nadhani ziara inayoipita Ocean View kwa kasi ili iwahi kona za Chapman's Peak humnyima msafiri nusu ya maana ya pwani hii, kwa kuwa uzuri wa ufuko ndio uliofanya watu waondolewe kando yake.

Noordhoek ni ufuko mweupe wa kilomita kadhaa, mpana kiasi kwamba wapanda farasi huonekana juu yake kama sisimizi. Mchangani kuna mabaki ya meli ya mvuke iliyoitwa Kakapo, ambayo ilipanda nchi kavu mwaka 1900 ikiwa katika safari yake ya kwanza. Nahodha aliuona mlima wa Chapman's Peak akaudhani kuwa ni Cape Point, ncha ya kusini ya rasi, akageuza usukani mapema mno. Mlima huohuo ndio uliokuwa mbele yetu.

Kuhusu barabara ya Chapman's Peak ningeweza kuandika makala nzima. Ina urefu wa kilomita 9 na kona 114, na ilianza kuchongwa mwaka 1915 kwa amri ya Sir Frederic de Waal, msimamizi wa kwanza wa jimbo la Cape, kwa nguvu za wafungwa, ikakamilika mwaka 1922. Anayepita kwa gari huziona kona. Anayepita kwa baiskeli, kwa mwendo wa kupanda mlima polepole, huliona jiwe. Mwongozaji alituonyesha mstari unaokwenda sambamba na barabara karibu njia nzima: chini yake granaiti ya kijivu yenye punje kubwa, iliyopoa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na juu yake matabaka membamba ya jiwe la mchanga na tope lililoganda, yenye rangi nyekundu, zambarau na manjano, yaliyojilaza juu ya granaiti baada ya ile kumomonyoka kwa muda mrefu. Wahandisi waliufuata mpaka huo. Granaiti iliwapa msingi usioyumba, na matabaka laini yaliyo juu yake yalikuwa rahisi kukata. Niliweka kiganja kwenye mpaka wenyewe, kidole gumba kikiwa juu ya granaiti na vingine juu ya jiwe jekundu, na sikutaka kuondoka.

Lakini ulaini uleule uliorahisisha kazi ya wajenzi ndio unaoiponza barabara. Matabaka ya juu hupasuka, mvua huingia kwenye nyufa, moto wa nyika huunguza mizizi iliyokuwa ikishikilia mawe, na mawe huanguka. Mwanzoni mwa mwaka 2000 barabara ilifungwa baada ya jiwe kumuua mtu, na haikufunguliwa tena hadi Desemba 2003, ikiwa imewekewa nyavu za chuma zenye uwezo wa kudaka mawe makubwa, kuta za kukinga, na sehemu moja iliyochongwa ndani ya mlima hivi kwamba msafiri hupita chini ya dari la mwamba huku upande wa bahari ukiwa wazi. Tangu hapo wenye magari hulipa ushuru ili kugharimia matunzo, na waendesha baiskeli hupita bure. Chini ya dari hilo nilisikia pumzi yangu mwenyewe, mlio wa mnyororo, na bahari iliyokuwa chini kabisa ikinguruma. Mwongozaji alitutaka tusisimame humo wala chini ya nyavu, hata kwa ajili ya picha, na tuendelee kwa mstari mmoja hadi kwenye maegesho yaliyo juu, ambako ghuba ya Hout Bay yote hufunguka kwa mara moja, na mlima wa Sentinel umesimama ng'ambo yake kama mlinzi wa lango.

Mteremko wa kuingia Hout Bay unahitaji breki zilizokaguliwa na kichwa kilichotulia. Bandarini tulikula samaki wa kukaanga na chipsi, tukawatazama sili wakisubiri mabaki karibu na mashua, kisha tukajaza maji kila mtu chupa yake, kwa sababu baada ya hapo kuna kilima cha Suikerbossie.

Kilima hicho si kirefu, ila ni kikali, na kina historia ninayoipenda. Mbio za baiskeli za Cape Town, za kilomita 109, hukipanda mwishoni, miguu ikiwa imekwisha choka. Leo mbio hizo huvuta makumi ya maelfu ya washiriki kila mwaka, lakini chanzo chake hakikuwa mashindano. Mwaka 1977 Bill Mylrea na John Stegmann waliwakusanya mamia ya waendesha baiskeli wakapita mjini kwa pamoja kudai njia za baiskeli, na mbio za kwanza zikafanyika mwaka uliofuata ili kulipa dai hilo nguvu. Leo Jimbo la Western Cape lina kanuni inayomtaka dereva aache angalau mita moja anapompita mwendesha baiskeli. Madereva wengi tuliokutana nao waliifuata, na tofauti niliihisi mwilini: mabega yalilegea, macho yakapata nafasi ya kutazama kando. Nilipokuwa nikipanda Suikerbossie kwa gia ndogo kabisa nilifikiria barabara zetu za pwani, zile zenye mandhari isiyopungukiwa na kitu, ambazo mtu mwenye baiskeli huziendea akiwa ameaga nyumbani. Upepo nao haudharauliki, kwa maana mwaka 2017 mbio zenyewe zilisitishwa kwa sababu yake. Ukishavuka kilele, alionya mwongozaji, upepo haukusukumi tena kutoka nyuma bali hushuka kutoka milimani kwa vishindo vya ghafla, kwa hiyo mikono yote miwili ibaki kwenye usukani.

Sehemu iliyobaki, kutoka Llandudno hadi Clifton, huandamana na ile safu ya vilele iitwayo Mitume Kumi na Wawili. Oudekraal tulisimama kwa heshima chini ya ngazi zinazopanda hadi kwenye kaburi la Sheikh Noorul Mubeen, mmoja wa Waislamu waliofukuzwa kwao na kuletwa Cape enzi za Waholanzi. Wenyeji husimulia kwamba alifungwa katika Kisiwa cha Robben, akatoroka, na akawafundisha dini watumwa waliokuwa wakiishi maeneo haya. Makaburi ya mawalii wa namna hiyo yanauzunguka mji, na familia za Kiislamu huyazuru hadi leo.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukuta mfupi wa kando ya barabara, kati ya Camps Bay na Clifton, juu ya majumba ambayo ni miongoni mwa yaliyo ghali kuliko yote barani. Hapo chini, karibu kabisa na ufuko, tarehe 27 Desemba 1794 ilizama meli ya Kireno iitwayo São José, iliyokuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na zaidi ya watu 400 waliofanywa watumwa, ikielekea Maranhão huko Brazili. Zaidi ya watu 200 walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa hapohapo Cape. Mabaki ya meli yalitambuliwa rasmi mwaka 2015, baada ya watafiti wa makumbusho ya Iziko ya Cape Town na wenzao wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Marekani kuoanisha nyaraka na vitu vilivyopatikana majini, vikiwemo vipande vya chuma vilivyowekwa melini kufidia uzito, kwa kuwa mwili wa binadamu ni mwepesi kuliko shehena ya kawaida. Mwaka huohuo udongo uliletwa kutoka Msumbiji ukamwagwa baharini mahali hapo.

Udongo huo ulitoka katika nchi ya Wamakua. Mimi na dada yangu ni Wamakua wa Masasi, na bibi yetu alikuwa akituhesabia ukoo hadi ng'ambo ya Ruvuma. Dada aliweka baiskeli chini akaomba dua kwa Kimakua, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimia jamaa zake mlangoni, na wenzetu wa msafara, ambao hawakuelewa neno hata moja, walivua kofia zao. Sidhani kama gari la watalii lingeweza kusimama pale. Maegesho hayakuwepo, na ratiba isingeruhusu.

Kutoka hapo hadi Sea Point ni mwendo mfupi wa tambarare, na baiskeli zilirudishwa kwenye trela jua likiwa bado juu.

Kwa anayepanga kwenda, mambo machache. Vaa kofia ngumu, kwa kuwa sheria inaitaka, na chukua koti jepesi la kuzuia upepo hata kama asubuhi ni ya joto. Baiskeli yenye mota si jambo la kuonea haya, hasa kwa ajili ya Chapman's Peak na Suikerbossie, na makampuni mengi huwa nazo ukiomba mapema. Muulize mwongozaji ataanzia upande gani na kwa nini, kisha mwambie unataka kusimama Ocean View, Oudekraal na Clifton, maana si kila mmoja huviweka vituo hivyo katika ratiba. Asubuhi ya safari hakikisha barabara ya Chapman's Peak iko wazi, kwa sababu hufungwa mvua inapokuwa kubwa au mawe yanapoanguka. Ikiwa imefungwa, kubali kuvushwa kwa gari kupitia barabara ya mlimani ya Ou Kaapse Weg kutoka Noordhoek, na uendelee na kipande cha Hout Bay hadi Sea Point.