Jicho lisilouma nalo lipimwe

Nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma. Kwetu ukitaja ugonjwa wa macho, kila mtu anafikiria vikope: inzi usoni mwa mtoto, tongotongo, na kwa watu wazima kope zilizogeukia ndani, zinazokwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibano alichokifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi alikaa mlangoni penye mwanga, mjukuu mmoja akamng'oa kope. Vikope hivyo, yaani trakoma, vilitutesa kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakija Kongwa tangu miaka ya 1980.

Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kwamba jicho likiwa na tatizo litawasha au litauma. Glakoma, ile presha ya macho, kwa wengi haiumi kabisa. Huanza kula uoni wa pembeni polepole, na ulioliwa haurudi kwa dawa wala upasuaji.

Mwaka juzi baba mdogo, dereva wa lori la mahindi kutoka Kibaigwa, aliniagiza miwani ya kusomea, ile ya kuchagua kwa wamachinga. Nikamwomba kwanza tumwone daktari wa macho hapa Dodoma mjini. Herufi za ukutani alizisoma karibu zote, akafurahi, akashika kofia yake. Daktari akamwambia, "Mzee, bado." Akamtia matone, tukasubiri mboni zifunguke, kisha akazima taa na kummulika ndani ya jicho. Alikaa kimya muda mrefu. Alipoinuka hakutaja miwani. Aliuliza, "Sukari umepima lini?"

Hakuwahi kupima hata siku moja. Daktari alikuwa ameona vidoa vya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Jioni ile tukajua sukari iko juu, na presha ya damu pia. Nyuma ya jicho daktari huiona mishipa ya damu waziwazi bila kumpasua mtu, na kisukari na presha huacha alama zake pale, pengine kabla mgonjwa hajahisi lolote. Baba mdogo alikuwa akiendesha lori usiku, akinywa soda ili asisinzie. Sasa anatumia dawa, na soda ameacha. Nikiwaza barabara ile na mizigo ile, nashukuru sana swali la yule daktari.

Basi ndugu zangu, mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Aliyevuka miaka 40 aanze, na mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma asingoje umri huo.

Ukifika, usiridhike na herufi tu. Omba upimwe presha ya macho na utazamwe nyuma ya jicho. Ukitiwa matone utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua letu la Dodoma litakuumiza, kwa hiyo vaa kofia, nenda na mtu, na pikipiki iache nyumbani.