Kisanduku kilipokataa kufungua folda ya marehemu baba

Ijumaa jioni nyumbani kwetu Walukuba, hapa Jinja, ina ada yake. Mama akishasali Alasiri na kujaza chai kwenye chupa, huja mashoga zake wawili watatu wa tangu enzi za kiwanda cha nguo, wakaketi sebuleni, nami nawawekea video ya arusi ya dada yangu mkubwa ya mwaka 1998. Nyimbo zake wamezijua zote, na ukumbini wanamjua kila aliyevaa gauni la kuazima. Wanachokingoja ni kile kipande cha baba akishika maikrofoni kumpa nasaha bwana arusi. Baba alifariki mwaka 2016, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Nieleze kwanza jinsi vyombo vyetu vilivyokaa. Sebuleni kuna televisheni na kisanduku cheusi cha kuchezea video, hakizidi kipande cha sabuni. Dirishani kuna ruta ya 4G, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mawimbi yanaposhika. Chumba cha nyuma kuna kompyuta ya baba, ya Windows XP, aliyoitumia mwenyewe mwaka 2009 kuhamishia kanda zake za VHS, usiku baada ya usiku, moja moja. Inaungwa na ruta kwa waya mrefu uliopita juu ya mlango. Video zote zimo humo kwenye folda moja iliyoachwa wazi kwa mtandao wa nyumbani, na kisanduku huzivuta kutoka huko. Baba aliipanga hivyo, nami sikuwa na moyo wa kuigusa.

Alhamisi moja usiku kisanduku kilitangaza kwamba kuna toleo jipya la programu yake. Kwa kawaida huwa nafikiri mara mbili, maana bando la intaneti hapa Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na masasisho hayo hula mega nyingi. Lakini usiku ule nilikuwa na bando la kutosha, nikakubali. Kikapakua, kikajizima, kikajiwasha. Nikalala.

Kesho yake saa kumi na nusu wageni wameshaketi. Nikafungua folda, na kwenye kioo likatokea neno moja, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: kitendo hakiruhusiwi. Nikajaribu tena, jibu lile lile. Nikazima na kuwasha kila kitu, ruta, kisanduku, kompyuta. Hali ile ile. Wageni wakanywa chai, wakazungumza mengine, wakaaga. Mama akaifunika televisheni kwa kitambaa chake cha kudarizi, akaniambia, "Si neno, mwanangu. Ijumaa si moja." Alivyokinyoosha kile kitambaa pembe kwa pembe, nilijua kwamba lina neno.

Jumamosi nilikipeleka kisanduku kwa fundi mjini. Akakiunga na televisheni yake, akakitazama kidogo, akasema, "Dada, hiki waifai yake imekufa. Nunua kingine." Nilimshukuru nikaondoka nacho, lakini jibu lake halikuniingia, kwa sababu asubuhi ile ile kisanduku hicho hicho kilikuwa kimefungua YouTube bila shida. Waifai iliyokufa haifungui YouTube.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuifikiria shida sawasawa. Sote nyumbani tulikuwa tunasema "haiunganishi", na hakuna aliyeuliza haiunganishi na nini. Kuna safari kadhaa ndani ya neno hilo. Kuna safari ya kisanduku hadi kwenye ruta. Kuna ya ruta hadi kwenye intaneti. Kuna ya kompyuta hadi kwenye ruta. Halafu kuna ile ya kisanduku kuiomba kompyuta faili, na kompyuta kukubali. Nikachukua daftari la shule, mimi ni mwalimu wa msingi, nikaandika kila safari mstari wake, niipime peke yake.

Ya kwanza na ya pili zilikwisha jibiwa na YouTube. Ya tatu nikaijaribu hivi: kwenye mipangilio ya kisanduku nikasoma anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, 192.168.8.104. Nikaenda chumba cha nyuma, nikafungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta ya baba, nikaandika ping, amri ya kuuliza kama chombo kingine kinajibu, na anwani hiyo. Yakarudi majibu manne, hakuna lililopotea. Kwa hiyo kompyuta na kisanduku walikuwa wanaonana. Kisha nikachukua simu yangu, nikafungua VLC, programu ya kuchezea video, nikaielekeza kwenye anwani ya kompyuta. Folda ikafunguka. Video ya arusi ikaanza kucheza kwenye simu, na kwa mara ya kwanza siku mbili zile nikapumua, kwa sababu nilikuwa na hofu ambayo sikuitamka mbele ya Mama, kwamba diski ya baba ndiyo imeharibika.

Basi diski nzima, kompyuta nzima, waya mzima, waifai nzima. Ikabaki ile safari ya mwisho, kati ya kisanduku kilichosasishwa na folda ya zamani.

Hapo nikapotea siku mbili. Yale maneno "hakiruhusiwi" yalinifanya niamini kuwa ni suala la neno la siri. Nikaweka neno la siri kwenye kompyuta, nikalitoa, nikaweka jingine. Nikafuta folda kwenye kisanduku nikaiongeza upya. Mpwa wangu akanishauri kukirudisha kisanduku kama kilivyotoka kiwandani, nikakubali, na matokeo yake tukaanza upya kuingiza waifai na akaunti zote, na folda bado imefungwa. Kurudi kwenye toleo la zamani la programu kisanduku hakikutoa nafasi hiyo. Natamani mtu angeniambia mapema kwamba ujumbe wa kosa husema kile chombo kilichoona, wala si lazima useme sababu.

Jumatatu usiku nikamtumia binamu yangu aliyeko Kampala ujumbe wa sauti. Yeye kazi yake ni mitandao ya maofisi. Nikamweleza yote, pamoja na vipimo vya daftarini. Hakuniuliza habari za neno la siri hata kidogo. Aliuliza jambo moja: "Dada, hiyo kompyuta ya mjomba ni Windows gani?" Nikamwambia XP. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wanazungumza lugha mbili."

Nilivyomwelewa ni hivi. Kompyuta zinapogawana mafaili ndani ya nyumba hutumia itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, iitwayo SMB. Toleo lake la kwanza lina mizizi miaka ya 1980. Toleo la pili lilikuja na Windows Vista, la tatu na Windows 8 mwaka 2012. Windows XP ni ya kabla ya Vista, kwa hiyo inajua lile la kwanza tu. Kisanduku chetu, kabla ya kusasishwa, kilikuwa kinakubali toleo lolote. Baada ya kusasishwa kikawa hakishuki chini ya la pili. Kompyuta ikijibu salamu kwa lugha ya kale, kisanduku kinageuza uso. Na simu ilifungua folda kwa sababu VLC bado inaifahamu lugha ile ya kale.

Mwanzoni nilikasirika. Nilimwambia binamu, kwa nini mtu aliyekaa mbali huko azime kitu kinachofanya kazi nyumbani kwangu? Akanikumbusha Mei 2017, virusi vya WannaCry vilivyosambaa duniani kwa siku chache na kufunga kompyuta za watu hadi walipe, vikazikumba hata hospitali za umma za Uingereza. Vilipenya kwenye udhaifu wa SMB ya toleo la kwanza. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft, wenye Windows, walitoa kiraka cha dharura cha kuziba udhaifu huo hata kwa Windows XP, ambayo msaada wake ulikwisha Aprili 2014. Tangu hapo watengenezaji wengi wanaufunga mlango huo. Nikaelewa. Sijafurahi kwamba kisanduku hakikunionya kabla sijakubali, na bado naona lilikuwa jambo la kutangazwa waziwazi kwa mtumiaji, lakini kufungwa kwenyewe kuna haki.

Kulikuwa na njia ya haraka. Kwenye mipangilio ya kisanduku, ndani kabisa baada ya menyu tatu, kuna mahali panapouliza toleo la chini kabisa la SMB litakalokubaliwa. Palikuwa pameandikwa la pili. Nikaweka la kwanza, nikakizima na kukiwasha. Folda ikafunguka mara moja. Nilikaa pale peke yangu saa tano usiku na rimoti mkononi, nikaiangalia orodha ya majina ya mafaili jinsi baba alivyoyaandika, kwa herufi kubwa zote, na mwaka mwishoni.

Lakini binamu alinisihi nisiishie hapo, na alikuwa sahihi. Kuacha mlango ule wazi kwenye nyumba yenye intaneti, na nyuma yake kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama kwa miaka, ni hatari. Na hata bila virusi, kumbukumbu zote za baba zilikuwa kwenye diski moja yenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwenye nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko kisanduku.

Nikaazimia kuzihamishia video zote kwenye laptopu yangu ya kazi, ya Windows 10. Nikachomeka flashi ya giga 32, tupu kabisa, nikaanza kunakili arusi. Kompyuta ikaniambia nafasi haitoshi. Faili ni giga 6 na ushei, flashi ina giga 32! Nikaitoa, nikaichomeka tena, jibu lile lile. Sababu ni kwamba flashi nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na huo haukubali faili moja kufika giga 4, hata flashi iwe tupu namna gani. Nikaipanga upya kwenye laptopu kwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho, nikarudi, safari hii ikakubali. Faili lile peke yake lilichukua zaidi ya dakika ishirini. Nilikaa kando yake muda wote, taa ya flashi ikipepesa, nikiomba umeme usikatike. Haukukatika. Kanda kumi na moja, safari sita, jioni mbili.

Kwenye laptopu kulikuwa na mambo matatu ya kupanga, na kila moja lilinisimamisha kidogo. Mtandao wa nyumbani ulikuwa umesajiliwa kama wa hadharani, na hapo laptopu inajificha. Nikaubadili kuwa wa binafsi. Akaunti isiyo na neno la siri hairuhusiwi kufungua folda kupitia mtandao, hata folda iwe yako. Nikatengeneza akaunti nyingine ya kazi hiyo tu, yenye neno la siri, inayoweza kusoma mafaili bila kuyabadilisha wala kuyafuta. Na kwenye ruta nikaifungia laptopu anwani moja isiyobadilika, ili kisanduku kisiitafute kila siku mahali papya. Baada ya hapo nikarudi kwenye kisanduku, nikarudisha toleo la chini kuwa la pili kama lilivyokuwa, nikaongeza folda ya laptopu. Ikafunguka. Kisha nikapanda kwenye kiti chumba cha nyuma, nikauchomoa waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta ya baba. Kompyuta yenyewe iko pale pale mezani, na kifuniko chake.

Ijumaa iliyofuata mashoga wa Mama walikuja mapema. Niliweka video kabla hawajamimina chai. Baba alipochukua maikrofoni, ikakwaruza kama inavyokwaruza kila mara, naye akaigonga kwa kidole mara mbili, akasema, "Mnanisikia?" Na Mama, kama kila mara, akamjibu, "Tunakusikia."

Walipoondoka nilimpa ile flashi, ikiwa na arusi na nakala za kanda nyingine tatu, na nikamweleza kwamba sasa baba yuko mahali patatu. Akaigeuza geuza kiganjani, akaniuliza kama yote yameingia humo ndani. Nikamwambia yaliyotosha yameingia, mengine namnunulia flashi nyingine mwisho wa mwezi. Akaifunga kwenye pembe ya leso, fundo mbili, akaenda kuiweka sandukuni.