Bunilizi za kisayansi na matawi yake, zikitazamwa kutoka Mwanza

Katika mazungumzo ya vitabu hapa Mwanza, kila hadithi yenye roketi au roboti huitwa tu bunilizi ya kisayansi, ilhali mashabiki wa fasihi hii wamekwisha kuigawa katika matawi mengi. Liko linaloshikilia kanuni za fizikia bila kulegeza. Liko saibapanki, lililovuma miaka ya 1980, ambamo teknolojia ya juu huishi pamoja na ufukara wa mitaani. Na liko stimupanki, la injini za mvuke.

Linalonigusa zaidi ni lile ambalo Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alilifafanua mwaka 2019 kwa jina la afrikanfyucharizimu, akilitenga na afrofyucharizimu, yaani sanaa inayowaza mustakabali wa watu wenye asili ya Afrika, hasa walio ughaibuni, kwa kuwa limekita mizizi katika tamaduni, historia na mitazamo ya bara la Afrika lenyewe, wala haliuweki ulimwengu wa Magharibi katikati. Naikubali tofauti hiyo kwa moyo wote. Hadithi ya mwaka 2150 inayotokea Kirumba, hapa hapa Mwanza, ambako magugumaji yanazalisha umeme na wavuvi wa dagaa wanaongozwa na setilaiti, inajitosheleza.

Mashabiki nao wana historia ndefu: mkutano wao wa kwanza wa dunia ulifanyika New York mwaka 1939, na hata kabla ya hapo walikuwa wakichapa majarida yao wenyewe kwa gharama zao. Jarida la namna hiyo, la kurasa chache za fotokopi, linawezekana kabisa hapa Mwanza, na ningependa toleo la kwanza liwe la hadithi za ziwa.