Kutoka Barabarani Hadi Rugiens

Septemba 2017 Burgundy, mkoa wa mvinyo huko Ufaransa, ilikuwa inatafuta wavunaji kila kona. Mwaka uliotangulia, mwishoni mwa Aprili, baridi ya usiku ilikuwa imeunguza machipukizi ya mizabibu, na wakulima wengi waliishia kuvuna mabaki. Kwa hiyo Aprili 2017, baridi ilipotishia tena, waliamka alfajiri wakachoma marobota ya mabua yaliyoloweshwa maji. Moshi ukatanda juu ya mashamba, ili jua la kwanza lisiyapige machipukizi yakiwa bado na barafu. Mizabibu ikanusurika, na ilipofika Septemba zabibu zilikuwa zimejaa kuliko mikono ya kuzivuna.

Mimi nilikuwa mwanafunzi Dijon, na kodi ya chumba ilikuwa inanidai. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu kufanya kazi kwa saa zilizowekewa kikomo, na malipo yalikuwa kima cha chini cha mshahara wao, yuro 9.76 kwa saa kabla ya makato. Nikapanda treni ya asubuhi hadi Beaune, mwendo wa kama dakika ishirini, na pale stesheni basi dogo la mwenye shamba likatubeba hadi Pommard, kijiji kilicho kilometa chache kusini.

Nimezaliwa Hombolo, Dodoma. Shamba la zabibu nililijua kabla sijajua kusoma. Mkasi waliotugawia ulikuwa uleule tunaoutumia nyumbani. Kilichonishangaza ni kimo cha miti. Kwetu kichala unakikata ukiwa umesimama. Pommard vichala vinaning'inia usawa wa goti, mistari imeachana kama mita moja, na hekta moja inabeba mizabibu ipatayo 10,000. Hakuna namna ya kuvuna pale bila kuinama au kupiga magoti. Waliozoea wanabadilisha: mstari huu wanainama, mstari ule wanapiga magoti, ili maumivu yagawane.

"Mgongo wangu jamani," nilijisemea.

"Mugongo gani, petit? Hata saa tatu haiyafika."

Nikageuka nimwone aliyeniita petit, yaani mdogo kwa Kifaransa. Alikuwa mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, mkazi wa Dijon wa miaka mingi, ambaye kila Septemba huchukua likizo ya kazi yake aje kuvuna. Siku hiyo alikuwa mbebaji: unamwagia ndoo yako kwenye pipa lililo mgongoni mwake, naye anapanda na kushuka kati ya mistari hadi kwenye trekta. Matrekta yao yana miguu mirefu, yanapita juu ya mstari wa mizabibu bila kuugusa. Nikamwamkia, "Shikamoo Papa." Akaguna tu, ila tangu hapo kila nilipotafuta mstari wa kuingia alinielekeza ule uliokuwa karibu naye.

Siku hiyo tulivuna vipande vitatu vya shamba la mtu mmoja, na kwa bahati tulivivuna kwa mpangilio wa mlima, kutoka chini kwenda juu. Cha kwanza kilikuwa chini ya barabara kuu inayotoka Dijon kupita Beaune. Tambarare, udongo mzito, unanata kwenye viatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Zabibu za pale zilikuwa nene, zimejaa maji. Mvinyo wake, Papa alinieleza, huandikwa Bourgogne tu kwenye chupa, jina la mkoa mzima.

Saa tatu tukapumzika kando ya trekta: mkate, soseji kavu, jibini yenye harufu ya kumkimbiza mtu, na chupa za mwaka uliopita zikizunguka kwenye vikombe vya plastiki. Ndipo Madame, mwenye shamba, aliponiuliza kama nimewahi kuvuna. Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka.

"Mara mbili? Na mti unalala lini?"

Haulali, nikamwambia. Huku baridi ndiyo inayoulaza, halafu joto linauamsha. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkasi wa kupogolea ndio unaoamua. Ukipogoa, unachipua. Ukipogoa tena, unachipua tena. Alimwita mumewe aje asikie. Mume akasikiliza, akatikisa kichwa, akauliza mti unaishi miaka mingapi kwa mateso hayo. Swali zuri, na jibu langu halikumridhisha. Wana mistari pale iliyopandwa na babu yake.

Baada ya hapo tukavuka barabara. Ukivuka tu, jina la chupa linabadilika: sasa ni Pommard. Mti ni uleule, aina ya mzabibu iitwayo Pinot Noir, mikono ni ileile, hata mkasi sijaufuta bado, lakini bei imepanda. Hapa mteremko unaanza, kuta za mawe zinazunguka vipande vidogo vidogo, na udongo haunati tena. Na mchana, baada ya chakula, tukapanda hadi Rugiens.

Rugiens ni mteremko uliotazama mashariki na kusini, juu ya kijiji, upande wa kijiji jirani cha Volnay. Udongo wake ni mwekundu kwa sababu ya chuma, umejaa vipande vya chokaa vinavyoteleza chini ya soli. Maji ya mvua hayatuami pale. Vichala vyake vilikuwa vidogo, vimebana, punje zimeshikana mpaka ncha ya mkasi inatafuta pa kuingia.

"Kula moja," Papa akaniambia. "Usimeze mbio. Tafuna ganda."

Nikatafuna. Zabibu ya asubuhi ilikuwa sukari na maji, ikaisha. Hii ganda lake lilikuwa nene, likaacha ukakasi kwenye ulimi, na nyuma yake ladha iliyokataa kuondoka wakati mimi nimeshahamia kichala kingine. Madame ana mistari michache tu pale. Mstari unaofuata ni wa mtu mwingine, na wa baada ya hapo wa mwingine tena. Sheria ya urithi iliyoachwa na Napoleon inataka watoto wagawane sawa, kwa hiyo kila kizazi kinakata shamba vipande, mpaka familia inakuwa na nusu hekta huku, mistari sita kule, na trekta linashinda barabarani.

Mfano mkubwa wa mambo haya ni shamba la Clos de Vougeot, kaskazini ya Beaune, ambako Papa alikuwa amevuna misimu ya nyuma. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulima pale karne ya 12 na wakalizungushia ukuta. Lina hekta kama 50. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya, likauzwa, na hadi 1889 lilikuwa bado la mwenye mmoja. Leo wenyewe wanakaribia 80. Kwetu Dodoma pia zabibu zililetwa na mapadre kwa ajili ya divai ya misa, kwa hiyo habari ya watawa haikunishangaza. Iliyonishangaza ni kwamba ndani ya ukuta ule, juu mlimani na chini kando ya barabara, kote kunaitwa grand cru, daraja la juu kabisa, wakati kila mvunaji anajua kwamba kule chini maji yanatuama.

"Sasa udongo umeenda wapi hapo?" nikamuuliza.

"Hapo ni ukuta unauza, petit."

Nadhani alisema kweli. Naamini habari ya mteremko kwa sababu niliitafuna. Lakini chupa ya Rugiens ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya ile ya chini ya barabara, na sidhani tofauti yote hiyo ni ya ulimi. Sehemu yake ni jina lililotunzwa kwa karne nyingi na watu wanaojua kutunza jina. Mwaka 2015 hata UNESCO iliyaingiza mashamba haya kwenye urithi wa dunia, yakiwa na majina yake kipande kwa kipande.

Jioni Madame aliniruhusu kuingia chumba cha matangi. Zabibu za siku ile zilikuwa zimetenganishwa katika matangi matatu, na kila moja limeandikwa kwa chaki jina la kipande. Rugiens lilikuwa dogo kuliko yote, kimo cha kifua changu. Wangeweza kuokoa kazi nyingi kwa kuchanganya. Nyumbani zabibu za Hombolo, za Mpunguzi, za nani na nani, zinapandishwa kwenye lori moja na kugeuka mchuzi mmoja. Na kuna mwaka mnunuzi hakutokea kabisa, tukazitazama zikioza shambani.

Nilimpigia baba usiku. Nikamweleza barabara, mteremko, udongo mwekundu, matangi yenye majina. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kilo wanauza shilingi ngapi?"

"Hawa hawauzi kilo, baba. Wanakamua wenyewe, wanaweka kwenye mapipa, wanauza chupa."

Kimya kidogo. "Waulize pipa wanapata wapi na linauzwa bei gani."

Kesho yake nikauliza. Pipa jipya la mwaloni, la lita 228 kama lilivyo la Burgundy, lilikuwa linazidi yuro 600. Nilipomgeuzia baba hesabu kwa shilingi, zaidi ya milioni moja na nusu kwa pipa moja, alicheka mpaka akakohoa, akasema yeye ataanza na tangi la plastiki, na kwamba nisirudi nyumbani kabla sijajua kile kinachofanyika ndani yake.