Fungua Mdomo, Inua Ulimi

Mwishoni mwa 1997, mvua za Elnino zilipoishika pwani, Mto Sabaki ulifura na kila shimo la Malindi likawa shamba la mbu. Homa ilinipanda jioni. Usiku wa manane nikawa naweweseka, na Nyanya alikuwa ashanisomea na kunipulizia mpaka kachoka. Akamgeukia Babu: "Mtoto anatutoka huyu, na wewe umekaa!"

Matatu hakuna, barabara ni maji. Babu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikaza kikoi, akanifunga mgongoni kwa leso kama wafungavyo kina mama, akashika fimbo tukatoka.

Barazani walimwita Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, lakini sisi wajukuu hatukuwahi kumwona askari. Tulimjua mzee aendaye sokoni mwenyewe, akifunua mashavu ya samaki aone kama bado mekundu ndipo alipe, na akiosha watoto wa watu wote waliozagaa uani bila kuuliza nani wa nani. Nyota yake ya shaba, nishani ya vita vya Bama (Myanmar ya leo), ilikaa kashani mwa Nyanya, chini ya makanga. Kiinua mgongo alichopewa kilikuwa kidogo. Serikali ya Mwingereza ilimlipa Mwafrika kwa rangi, si kwa kazi. Hilo hata hakulitaja yeye, nililikuta vitabuni.

Usiku ule nilimwona. Maji yalimfika mapajani. Fimbo ilitangulia, ikagusa chini, ndipo mguu ukafuata. Anasimama, anasikiliza, anakwenda tena. Na alikuwa akizungumza ili nisisinzie.

"Wajua Bama iko wapi?"

Sijui.

Akanieleza. Walipakiwa melini Kilindini hadi Seiloni (Sri Lanka ya leo), wakafunzwa vita vya msituni, na 1944 wakashuka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Mvua ya huko haikatiki. Magari yalizama topeni, mizigo ikahamia vichwani. Walioangushwa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Kwa hiyo walipangwa mstari, kila mmoja kidonge cha manjano cha kukinga malaria mdomoni, afisa akitazama, mpaka ngozi nazo zikaanza kuwa za manjano.

"Nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Lamu. Kichungu kile, akikificha chini ya ulimi, afisa akipita atema. Tulimzika kabla hatujauona huo mto."

Basi ndiyo maana! Nyumbani kwetu, ukipewa klorokwini ulikuwa huondoki mbele ya Babu. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Tulimwona mkorofi, na binamu zangu walikuwa na mbinu zao ambazo hazikufua dafu.

Hospitali ya wilaya ilikuwa imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Nikadungwa kwinini, nikalala. Asubuhi niliamshwa na ugomvi: Babu alikuwa akipita kitanda hadi kitanda, akichomeka vyandarua chini ya magodoro, akiwakemea mama wa watu walioviacha vikining'inia.

"Mzee," nesi akamwambia, "hapa si kambini."

"Nambie, binti yangu, huo mfereji nyuma ya dirisha umeziba tangu lini?"

Nesi akacheka, akaenda kumtafutia jembe.