Siku moja karakanani: breketi za injini ya 1HZ kwenye Land Rover 110

Saa 1 asubuhi, Buguruni, Dar es Salaam. Kazi ya leo ni kuikalisha injini ya dizeli ya Toyota 1HZ na giaboksi yake kwenye chesesi ya Land Rover 110, kwa kutengeneza breketi, yaani vyuma vya kuishikilia. Injini inaning'inia kwenye winchi ya cheni, giaboksi iko juu ya jeki. Kabla ya grenda kuguswa, springi za mbele zinatolewa na ekseli inapandishwa mpaka igote kwenye mpira wa chesesi. Hapo ndipo nafasi halisi inapoonekana. Ukipima gari likiwa limesimama tu, sampu (bakuli la oili chini ya injini) itapigwa na ekseli kwenye shimo la kwanza. Naacha milimita 25 kwenda juu, na feni ipate kama hizo kutoka kwenye rejeta.

Saa 2:30, pembe. Injini inalazwa nyuma nyuzi 3. Flanji ya kutokea ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na flanji ya difu ya nyuma ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1. Ikizidi gari linatetemeka, na lawama zinakwenda kwa matairi. Injini ikisogea pembeni kidogo hakuna shida, ikikaa mshazari ndiyo shida. Difu ya mbele ya Land Rover iko kulia, kwa hiyo transfa nayo itoe propela (shafti inayokwenda kwenye difu) ya mbele kulia.

Saa 4, kadibodi na mkasi, kukata sampuli za breketi. Watu wengi hutengeneza breketi kwa kufikiria uzito wa injini. Uzito ni kazi nyepesi. Kinachovunja ni injini kujipinda. 1HZ inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 285. Zidisha mara 4 za gia ya kwanza, halafu mara 2.5 za gia nzito ya transfa, unapata karibu Nm 2,850. Transfa ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye giaboksi, nguvu yote hiyo inajaribu kuibinua injini na giaboksi kwa pamoja. Gari likienda mbele, upande wa kushoto ndio unaonyanyuka. Kwa hiyo mpira wa breketi ya kushoto uwe wa aina ambayo bolti inapita katikati na washa pana juu na chini, ili mpira ukichanika injini isiruke. Ule wa kubandika kwa gundi tu, kwa upande wa kushoto haufai kabisa.

Pointi za kushikia ni tatu: mbili kwenye injini, moja nyuma. Ya nne inaonekana kama usalama zaidi, lakini chesesi ikijipinda kwenye makorongo masikio ya giaboksi (sehemu zake za kufungia) ndiyo yanayopasuka.

Saa 5:30, Gerezani kununua vifaa. Bamba la milimita 6, bomba la kuvalia bushi (nenda na bushi yenyewe mkononi), bolti za M12 zenye 8.8 kichwani. Bolti isiyo na namba iache hukohuko.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8, kuchomelea. Betri inafunguliwa na waya wa ethi unabanwa karibu na sehemu inayochomwa. Rodi za kuchomelea ni aina ya 7018, zilizokaa kwenye oveni. Unyevu wa Dar ukiziingia, weldi inapata nyufa ambazo huzioni kwa macho. Breketi inashikwa kwa nukta za weldi ikiwa kwenye gari, kisha inatolewa na kufungwa kwa bolti kwenye kipande kizito cha chuma ndipo ichomwe yote. Ukiichoma ikiwa huru masikio yanavutana milimita 2 au 3, na matundu hayakutani tena. Ukiichoma na mpira wake ndani, mpira unaungua.

Chesesi ni chuma chembamba, kwa hiyo kwanza kunakaa bamba la kiraka lenye ncha mbili kama jani, ndipo breketi ije juu yake. Weldi isikate chesesi wima kutoka juu hadi chini, maana ufa utaifuata njia hiyo. Nguzo ya nyuma ya giaboksi (chuma kinachoibeba kutoka upande mmoja wa chesesi hadi mwingine) haichomelewi, inafungwa kwa bolti. Atakayekuja kubadilisha klachi atakushukuru.

Saa 10:30, majaribio. Jeki chini ya breketi ya injini ya kushoto, inyanyue taratibu. Injini ikipanda zaidi ya milimita 10, mpira ni laini mno au washa ya chini ni ndogo. Angalia pia bomba la ekzosi na paipu za breki, zisiguse kitu.

Saa 11:30, praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kwenye weldi zote, kwa sababu chumvi ya hapa haisubiri. Propela zinakatwa kesho, na urefu wake unapimwa gari likiwa limeshuka chini kwenye springi zake.