Kuku wa mama

Nimefika Kisumu saa mbili usiku kutoka nyumbani Vihiga, matatu ilijaa kuanzia Luanda na ilikuwa inasimama kila mahali, na njia yote nilikuwa nafikiria ile kuku. Wacha niandike kabla nilale.

Mwezi wa nne kuna watu walikuwa wanapima presha bure karibu na soko ya Kibuye, nikapanga laini juu tu ilikuwa fupi. 158 kwa 98. Nikaenda kliniki wakanipima siku tofauti, bado iko juu, daktari akaniuliza nakula nini nikamwambia ukweli: smoki mbili, zile soseji za kuuzwa barabarani, asubuhi pale stejini, matumbo ama nyama saa ya lanchi, Ijumaa choma Kondele na wenzangu. Na mboga? Ile sukuma kidogo inakaa kando ya sahani. Akasema nipunguze chumvi, nipunguze nyama, mboga ndio ijaze sahani, halafu turudi tuangalie kama dawa itahitajika.

Smoki niliacha siku hiyo hiyo. Mwaka wa 2015 WHO, shirika la afya duniani, waliweka nyama za kiwandani, soseji na wenzake, kundi moja na sigara kwa mambo ya kansa. Hiyo haimaanishi smoki ni mbaya sawa na sigara, watu huchanganya hapo, inamaanisha ushahidi kwamba inaleta kansa ya utumbo mkubwa ni thabiti, na walisema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari kama asilimia 18. Na mimi nilikuwa nakula kila siku, tena na chumvi yote iliyo ndani.

Lakini kuacha nyama ya kawaida ndio ilinisumbua, na imenichukua muda kujua ni kwa nini, juu mboga nazipenda. Nimelelewa na mrenda na kunde, saga, managu, mito, hizi ambazo majirani wangu Wajaluo wanaita apoth, dek, osuga. Shida haikuwa ladha, ilikuwa aibu. Kwetu mboga ilikuwa chakula ya siku hakuna pesa, na mwisho wa mwezi baba akiingia na nyama imefungwa kwa gazeti tulijua leo sisi pia ni watu. Nilipoanza kupata mshahara wangu nikaanza kula nyama kila siku, ni kama nilikuwa namjibu mtu.

Kilichonisaidia ni kusoma kuhusu Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta. Utotoni mwili wake ulikuwa unakataa vitu kama maziwa, mayai na samaki, akakulia kwa mboga hizi za kienyeji, na baadaye akazifanyia utafiti miaka mingi wakati wengi walikuwa wanaziita magugu. Nilisoma hiyo mara mbili.

Siku hizi mama mboga wa hapa Manyatta ananijua. Saga naichemsha vizuri halafu inalala na maziwa, kesho yake ule uchungu umepungua, na mrenda nachanganya na kunde, hata chumvi siisikii ikikosekana. Nyama nakula Jumapili moja, nyingine naruka. Wiki iliyopita presha ilikuwa 136 kwa 86. Nimeanza pia kutembea mpaka kazini, kwa hivyo sitasema ni mboga peke yake.

Sasa jana. Mama alichinja jogoo kabla hata nifike, ugali kubwa, na imondo, ile firigisi ya heshima, juu ya sahani yangu vile inafaa. Mi nikauliza kama kuna mboga. Akanyamaza, halafu akaniambia polepole, "Baba, nani amekuambia kwangu siku hizi kuna umaskini?"

Nilisikia vibaya sana. Nilikula imondo na kipande kimoja, imondo hairudishwi kwa sufuria, kisha nikamweleza mambo ya presha, yote, hata zile namba, kitu nilikuwa nimemficha miezi hii yote nisimtie wasiwasi. Alisikiliza tu. Akauliza kama ndio ilimuua baba, nikamwambia sijui mama, hatukuwahi kumpima.

Leo asubuhi nimeamka nikamkuta shambani anachuma kwenye umande, leso imelowa mpaka magotini. Amenifungia mfuko mbili, saga na kunde, na mrenda kwa karatasi yake juu inanyauka haraka. Ziko hapa miguuni. Nikimaliza hapa nakaa chini nizichambue, hazitangoja kesho.